Farasi Aliyepewa Muwa kwa Kukosea

"Kisigino cha nje kirudi nyuma! Sasa! Unalala, mama?"

"Nimekirudisha, Mzee Okwi! Huyu Kamishna wako ndiye hataki!"

Kamishna ni farasi. Nililisha farasi wa mashindano Nairobi miaka thelathini na mmoja, na siku ya kustaafu wakanipa yeye badala ya asante. Nikaja naye kwetu Busitema, Uganda. Quinter, mjane muuza samaki wa omena wa Busia, upande wa Kenya, akaja siku moja kumtazama. Akarudi kesho yake. Akawa anakuja kila jioni, nimfundishe kumpanda.

Farasi akikimbia, mguu mmoja wa mbele hutangulia. Akizunguka kulia, hutanguliza wa kulia. Ukimgeuza kushoto, sharti abadili mguu papo hapo hewani, bila kusimama. Akikosa, anayumba kama mlevi anayetafuta mlango.

"Nairobi," nikamwambia, "kuna mmoja nilimfundisha kwa kukohoa tu. Nikikohoa mara mbili, anabadili miguu yote minne."

Quinter akacheka hadi akashika shingo ya farasi asianguke.

"Mzee, wewe utakufa na uongo mdomoni!"

"Nioe kwanza, halafu nife."

"Mwanamke haoi, buana! Na mimi sijibu mpaka hii kazi ijulikane."

Kazi yenyewe ilikuwa Naivasha. Hoteli moja ya watalii ilitaka mwalimu wa farasi, na kila mwombaji atume video ya farasi aliyemfundisha mwenyewe, akibadili mguu mara tatu mfululizo. Mwisho Ijumaa.

Miezi minne Kamishna alikataa. Alhamisi jioni Quinter alishuka akilia.

"Labda mimi ndiye sina mkono."

"Pole, mama. Farasi ni kama watu. Wengine hawafundishiki."

Ijumaa asubuhi nilikuwa uwanjani na Kamishna, miwa chini ya kwapa. Nikamkimbiza kwa kamba ndefu, nikamgeuza. Akabadili mguu, safi kabisa!

"Mjinga!" nikamkemea. Nikamgeuza tena. Hakubadili, akayumba. "Vizuri, mzee wangu." Nikampa kipande cha muwa.

"Mzee Okwi."

Quinter alikuwa amesimama kwenye ua, jogoo mweupe kwapani.

"Mbona unampa muwa akikosea?"

Nikakohoa.

"Usikohoe! Tangu lini?"

"Tangu... ulipotaja Naivasha."

"Kila asubuhi?"

"Ungekwenda, Quinter. Ungeniacha."

"Ningekwenda, ndiyo. Na ningerudi kila mwisho wa mwezi." Akainua jogoo. "Unajua huyu ni wa nini? Shangazi yangu amekubali uje Jumapili kuniposa. Nikajua wewe mwanaume wa kuishi peke yako utakwenda mikono mitupu, unitie aibu. Nikakununulia."

"Mama, nisamehe..."

"Uongo wako wa kukohoa niliupenda. Nilikuwa nausimulia sokoni, wanawake wanacheka. Lakini jana nililia mbele yako, ukaniambia pole. Pole, Mzee!"

Akamfunga jogoo kwenye nguzo, akamtandika Kamishna mwenyewe.

"Tupa hiyo miwa nje ya ua. Yote. Jioni zote alikuwa haniangalii mimi, anaangalia kwapa lako. Sasa shika simu yangu, mikono miwili. Rekodi."

Nikarekodi. Nitakataaje?

Mara ya kwanza akayumba. Ya pili akayumba. Quinter hakumpiga, alimnong'oneza tu. Mara ya tano, kulia kwenda kushoto, mguu ukabadilika. Kushoto kwenda kulia, ukabadilika. Tena!

"Amebadili!" nikapiga kelele. "Quinter, amebadili!"

Sijui nilikuwa nashangilia nini.

Akashuka. Akampa Kamishna busu puani, akachukua simu, akamfungua jogoo.

"Huyu anarudi Busia," akasema. "Tutamla mimi na shangazi."

Wiki tatu baadaye ujumbe ukaingia: "Nimepata kazi. Mwangalie Kamishna. Usinipigie."

Nikapiga. Haikupokelewa. Napiga mpaka leo, Jumapili Jumapili.

Hoteli imeiweka ile video kwenye ukurasa wao. Naitazama kila siku. Kamishna anabadili mguu mara tatu, Quinter anacheka, vumbi linapanda. Ila mahali nilipopaza sauti pamekatwa, wameweka muziki. Chini wameandika kwamba mama huyu alijifundisha peke yake.