Mkonga wa Pili

Mwalimu Scholastika alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ya msingi mjini Nachingwea, na mumewe, Fidelis, alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi katika mojawapo ya zile nyumba kuukuu zilizojengwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, zenye kuta nene na baraza pana, na nyuma yake kulikuwa na stoo ya matofali. Mwaka 2004 Fidelis alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu.

"Mwalimu," alimwambia mkewe, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "kuanzia leo utamwandikia kaka yako hapahapa sebuleni. Posta tumewaachia wenyewe."

Kaka huyo, Andrea, alikuwa masomoni Italia kwa msaada wa wamisionari. Scholastika alifurahi mno. Tangu mdogo wao wa mwisho, Jenifa, afariki mwaka uliotangulia, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ya moyoni. Jenifa alikuwa akiishi nao hapo nyumbani, akijifunza ushonaji kwa masista. Jioni moja alilalamika kichwa, akaenda kulala, asubuhi hakuamka. Fidelis ndiye aliyeshughulikia kila kitu: jeneza, gari, safari ya kumpeleka Mbekenyera kwa mama yao. Alisema mwili umeharibika upesi, hivyo jeneza lilizikwa bila kufunuliwa. Watu wote walimsifu. Mkwe kama yule, walisema, humpati.

Wiki za mwanzo mtandao ulienda vizuri. Modemu ilikoroma, ikapiga mluzi, ikatulia, na ukurasa ukashuka taratibu kwenye kioo kama pazia. Kisha ukaanza kusumbua. Ukurasa uliishia katikati. Barua ya Andrea ilikatika kabla ya kwenda. Scholastika aliandika upya, ikakatika tena.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alijaribu asubuhi mapema kabla ofisi hazijafunguliwa, akidhani laini zimezidiwa. Alibadilisha waya mrefu kwa mfupi. Alifuta vichwa vya waya kwa spiriti, akaisogeza modemu mbali na friji, akazima feni. Mwisho akaichomoa hata simu yenyewe ya sebuleni, ukabaki waya wa kompyuta peke yake. Bado.

Na kuna jambo aliloligundua, akalinyamazia maana lilikuwa la kipuuzi. Akitafuta bei za ufuta kwa ajili ya mumewe, mtandao ulishika. Akianza kumwandikia Andrea, ulikatika.

Jumamosi moja mchana, Fidelis akiwa Marambo kwa wakulima, Scholastika alimwita Ausi, fundi wa simu. Ausi alipima laini kwenye nguzo ya barabarani, akaikuta safi. Akapanda ngazi, akaunganisha simu yake ya kupimia chini ya upenu.

"Haya, mwalimu, unganisha!" alisema kwa sauti kutoka nje.

Modemu ilikoroma, ikashika. Scholastika akafungua barua, akaandika: Mpendwa kaka Andrea. Ikakatika.

Ausi alishuka ngazi polepole. Alisimama mlangoni asiingie ndani.

"Nani kanyanyua simu?"

"Simu ni hii moja, na nimeichomoa. Si unaiona?"

"Ipo nyingine, mwalimu. Kwenye laini yako kuna simu ya pili. Mtu akinyanyua mkonga wake, mtandao wako lazima ukatike." Alipunguza sauti. "Nimemsikia akihema."

Wakati huohuo gari la Fidelis liliingia uani. Aliitazama ngazi, akamtazama fundi. Hakukasirika. Alimshika Ausi bega, akamsogeza pembeni, akamwambia maneno machache ya Kimwera ambayo Scholastika hakuyasikia. Ausi aliondoka papo hapo. Ngazi yake aliiacha imeegemea ukuta, na hakurudi kuichukua.

"Waya za wazungu hizi," Fidelis alisema akicheka. "Zimezeeka. Zinapumua zenyewe."

Scholastika naye akacheka. Alitaka kumwamini. Alikuwa mume asiyempiga, asiyelewa, aliyemwezekea mama mkwe nyumba ya bati na kumnunulia mashine ya kusaga. Mtu wa namna hiyo humtilii shaka kwa sababu ya kelele za waya.

Lakini Fidelis aliposafiri kwenda Ruangwa mwanzoni mwa wiki, Scholastika aliomba ruhusa shuleni, akarudi nyumbani saa nne asubuhi, akaanza kuufuata ule waya kwa kidole.

Ulitoka kwenye soketi ya sebuleni, ukapanda ukutani, ukatokea nje chini ya upenu. Hapo uligawanyika. Tawi la pili lilikuwa limepakwa rangi ileile ya ukuta, mtu asilione. Lilizunguka kona. Likapita nyuma ya jiko. Likashuka.

Likaingia stoo.

Stoo ile haikufunguliwa na yeyote ila Fidelis. Alikuwa ameweka salfa ya mikorosho, ndivyo alivyosema, na salfa ni sumu. Ufunguo aliufunga kwenye mkanda wake. Dirisha lilipigiliwa mbao. Scholastika aliweka sikio. Kimya. Akanusa upenyo wa mlango, na hakusikia harufu ya salfa. Alisikia harufu ya pumba za mahindi, na ya kichwa cha mtu kisichooshwa siku nyingi.

Alirudi ndani. Akaichomeka simu ya sebuleni, akaunyanyua mkonga.

Mlio wa laini haukuwepo. Laini ilikuwa wazi. Upande wa pili mtu alihema.

"Nani?" alinong'ona.

Pumzi ikasita. Kisha ikaja sauti. Si neno. Ilikuwa mgumio wa mtu anayetaka kusema na kinywa kinakataa, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Mara mgumio ule ukashika wimbo. Wimbo wa Kimwera wa kubembelezea mtoto, ambao Scholastika alimwimbia mtu mmoja tu duniani, enzi hizo yeye ni msichana na mtoto yuko mgongoni kwake.

Aliubana mkonga sikioni.

"Jenifa?"

Mkonga wa upande wa pili ukagongwa ukutani. Ngo.

"Kama ni wewe mdogo wangu, gonga tena."

Ngo.

"Fidelis ndiye aliyekuweka humo?"

Mkonga ukagongwa. Ukagongwa tena. Ukagongwa bila kukoma, na Scholastika akatambua kuwa sasa mlio huo hausikii kwenye simu tu. Anausikia na dirishani, kutoka nyuma ya jiko.

Alikuwa amelisikia neno ndondocha tangu utotoni, na chuoni alilicheka pamoja na wenzake. Mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe kilichozikwa ni gogo la mgomba. Mwenyewe amefichwa, ulimi umekatwa, anamlimia usiku na kumtajirisha aliyemtoa. Siku hiyo hakulicheka. Alishika kufuli la stoo, akalivuta hadi viganja vikachubuka. Halikutikisika.

"Nakuja," aliuambia ule mlango. "Namfuata mama. Tutakuja wote."

Kwa nini mama, si polisi, si padri? Kwa sababu mtu akitishika humkimbilia mama. Alidandia lori la magunia hadi Ruangwa, kisha pikapu hadi Mbekenyera, akafika jua likielekea kuzama. Mama Serafina alikuwa barazani anabangua korosho. Bati la nyumba lilimeremeta juu yake.

Scholastika alipiga magoti mbele yake, hakumaliza hata shikamoo.

"Mama, Jenifa hakufa. Nimemsikia leo. Kwenye simu. Ameimba."

Mama hakupiga yowe. Hakuuliza yuko wapi, yu hali gani, anakula nini. Mikono yake ilisimama juu ya korosho.

"Umefungua ule mlango?"

Upepo ulipita barazani. Scholastika alimtazama yule mwanamke aliyemzaa kana kwamba anamwona mara ya kwanza.

"Mama," alisema taratibu, "mimi sijakwambia habari ya mlango."

Mama Serafina aliinama, akaendelea kubangua. Alipoongea alinong'ona, kama mtu aliye kanisani.

"Alikuja hapa, akakaa hapo ulipopiga magoti. Biashara ilikuwa inamfia. Akasema mmoja lazima atoke, awe wewe au mdogo wako. Akanipa nichague."

"Ukakubali."

"Nilikataa. Akarudi. Nikakataa tena. Akasema basi atachagua mwenyewe, na mke ndiye aliye karibu." Machozi yalimdondoka ila uso haukubadilika. "Wewe ulikuwa mwalimu. Ulikuwa unanitunza. Nilikuchagua ubaki, mwanangu. Kama si mimi, leo wewe ungekuwa mle ndani, na yeye angekuwa ameshika simu huku nje. Ndiyo shukrani yenyewe hii?"

Scholastika aliinuka. Chai aliyokunywa mwaka mzima, mwanga wa umeme, kompyuta ya kumwandikia kaka, vyote vilimjia kooni. Alitapika pale pale barazani.

Kesho yake alirudi Nachingwea, akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Saturnini, akamleta pamoja na wanaume wawili wenye nondo. Walimkuta Fidelis ameketi barazani, ameoga, amevaa shati jeupe. Kumbe mama alikuwa amempigia simu.

"Karibuni," alisema, akawarushia ufunguo. "Mwalimu amechoka. Msiba wa mdogo wake haujamtoka."

Kufuli lilifunguka. Stoo ilikuwa tupu. Sakafu imefagiliwa hadi pembeni, bado ina umajimaji. Ukutani ilining'inia simu nyeusi ya kizamani, na kando yake plasta ilikuwa imechimbika shimo, mahali palipogongwa mara nyingi. Saturnini aliunyanyua mkonga, akauachia upesi.

"Una joto," alisema.

Bila mtu hakuna kesi. Usiku ule Scholastika alilala parokiani, na haukupita muda mrefu akahamishiwa shule moja ya Ruangwa. Kwa Fidelis hakurudi hata kuchukua nguo. Kwa mama hakurudi pia. Andrea aliandika mara mbili akiomba waridhiane, naye akamjibu kwa mkono, kwa ufupi, kwamba yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyaeleza kwa barua. Mwezi Januari akaletewa habari kuwa mama Serafina amefariki. Alilalamika kichwa, akalala, hakuamka. Waliotoka mazikoni walisimulia jinsi mkwe alivyohangaika na kila kitu.

Scholastika alikuwa amekodi kipande cha shamba nje ya mji, njia ya Malolo, akapanda ufuta. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi na magugu yalimshinda nguvu. Hakuwa na vibarua. Aliliacha hivyohivyo, akisubiri shule ifungwe.

Asubuhi moja jirani yake wa shamba, Rabia, alimfuata shuleni akitabasamu.

"Hongera, mwalimu. Shamba limependeza! Hao vibarua umewapata wapi, nami niwaite?"

Scholastika aliacha chaki mezani, wakaongozana. Kweli shamba lilikuwa limepaliliwa. Lote. Mistari imenyooka, magugu yamelazwa kando kwa utaratibu, udongo ungali mbichi. Rabia alisifu, halafu naye akaanza kutazama chini.

Nyayo zilitoka barabarani. Zilikuwa za watu wawili, peku, zimekwenda sambamba mstari kwa mstari. Za mmoja zilikuwa nyembamba na nyepesi, za msichana. Za mwingine zilikuwa za mtu mzima, na kila moja ilichimba ardhi kwa kisigino, kama za mtu anayekokotwa na hataki.

Walizifuata hadi katikati ya ufuta, kila mmoja amemshika mwenzake mkono. Wakazunguka shamba zima, pande zote nne.

Nyayo za kutoka hazikuwepo.