Njoo Ijumaa

Mambo yalianza Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, saa saba na dakika ishirini mchana, pale Ruqiya alipozungusha futi kwenye kifua cha mdogo wake Filsan na futi ikasoma inchi arobaini na mbili.

Filsan alikuwa msichana mwembamba, nyumbani wakimwita Fimbo. Kifua chake kilikuwa inchi thelathini na mbili tangu amalize sekondari. Ruqiya alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyemshonea kila nguo ya Idi, ingawa zote alizimalizia mwezi ukiwa umeshaonekana. Aliikagua futi kama imejikunja, akapima tena. Arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Nyonga arobaini na sita.

"Umekula nini wewe?"

"Nimekula ahadi zako," Filsan akasema. "Abaayo, dada yangu, arusi ni Jumapili ya tarehe ishirini na tatu na gauni langu bado liko kwa mfuko. Andika tu."

Ilikuwa ile saa ambayo mtaa wa Majengo hunyamaza. Wanaume walikuwa msikitini, milango ya maduka imerudishwa nusu, na kwenye kinjia mbele ya kibanda cha Ruqiya cha ushonaji hapakupita mtu. Katika ukimya huo Ruqiya alinusa mafuta ya kuchua, yale makali ya mnanaa ambayo watu wazima hujipaka magotini.

"Umejipaka dawa?"

"Dawa ya nini?"

Ruqiya aliandika vipimo vya zamani, akasema kitambaa atakikata kesho.

Watu waliomjua walisema mkono wake haukuwa na mpinzani Pumwani nzima, na kwamba ukimpa kitambaa ujue umekizika. Hakuwa mvivu. Alikuwa na digrii ya takwimu na ratiba tatu ukutani, moja kwa kila rangi ya kalamu. Simu yake ililia kila dakika ishirini na tano kumkumbusha kazi. Jioni alisikiliza mihadhara ya watu wanaofundisha namna ya kuacha kuahirisha mambo, akaandika muhtasari kwa mwandiko safi. Shida yake ilikuwa mkasi. Kitambaa kikiwa kizima hakina kosa, lakini mkasi ukishakiuma hakirudi, na wazo hilo lilimtoa jasho mikononi. Kwa hiyo alipima, akachora kwa chaki, akafuta, akachora upya, na mteja alipokuja alimwambia, "Njoo Ijumaa." Mifuko kumi na minne ilining'inia kwenye misumari nyuma yake, kila mmoja na jina la mwenyewe.

Jioni ile alifungua daftari la vipimo. Alirudi nyuma kurasa chache tu. *Khavere, Makongeni. 15 Novemba 2024. Kifua 42, kiuno 38, nyonga 46. Yunifomu ya akina mama wa kanisa, samawati, kola nyeupe, vifungo saba.* Pembeni, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika tarehe za Ijumaa nane na kuzikata zote.

Alimkumbuka vizuri. Mama mpole wa makamo, goti la kulia bovu, aliyetembea kutoka Makongeni na kuvuka Jogoo Road kila Ijumaa saa saba kwa sababu ndiyo saa aliyopata nafasi. Alikuwa akitania. "Mwanangu, unataka nizikwe na kanga?" Mara ya nane hakutania. Alisimama mlangoni kwa muda, akautazama mfuko wake pale ukutani, akaondoka akiuburuta ule mguu. Baada ya hapo hakuja tena, na Ruqiya, Mungu amsamehe, alishukuru.

"Kesho nitaenda Makongeni," alijiambia, akaliandika kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu.

Hakwenda. Jumatatu alimpima mtoto wa miaka saba aliyeletwa kushonewa sketi ya shule: kifua 42. Jumanne alimpima mama mnene wa duka la mchele: kifua 42. Jumatano alifunga mlango, akaizungusha futi kwenye mguu wa meza, mguu mwembamba kama mkono wa mtu, na futi ikazunguka na kuzunguka bila kukutana na ncha yake mpaka ilipofika arobaini na sita. Akanunua futi mpya. Ikasoma vilevile.

Ijumaa ya tarehe 14, adhana ya saa saba ilipokwisha na kinjia kikanyamaza, alisikia mtu akija. Hatua, mkokoto. Hatua, mkokoto. Zile nyayo zilipita kwa fundi wa viatu, zikapita kwa muuza makaa, zikasimama mlangoni. Akainua uso. Alikuwa Filsan, ameshika goti la kulia.

"Limeanza jana," Filsan akasema, akicheka kidogo. "Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu imeteremka magotini."

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Harufu ya mnanaa ikajaa kibanda. Ruqiya alikuwa ameinamia cherehani akitafuta la kusema kuhusu gauni, na ndipo aliposikia sauti ikitoka kwenye kile kiti, sauti nzito ya mtu mzima, yenye pumzi ya kupanda mlima.

"Mwanangu, iko tayari?"

Mdomo wa Ruqiya uliitangulia akili yake, kwa mazoea ya miezi.

"Njoo Ijumaa."

Harufu ya mnanaa ikakatika kama taa. Mahali pake pakaja harufu ya udongo mbichi, udongo mwekundu uliochimbwa asubuhi. Filsan alikuwa akimtazama.

"Nije Ijumaa kufanya nini? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Kufikia Jumatatu Filsan hakuweza kukunja goti. Hospitalini walimpiga picha, wakasema mfupa ni mzima. Kufikia Jumatano alikuwa akipanda ngazi mbili na kupumzika, na nywele za mbele ya sikio zilikuwa nyeupe. Mara kwa mara alimwita dada yake "mwanangu" bila kujua. Bwana arusi, Mahad, alipopiga simu, alijibiwa na sauti ambayo hakuitambua, akadhani amekosea nambari.

Jumatano hiyohiyo Ruqiya alimwita shangazi yao, Qali, ambaye aliuza ubani na kusomea watu, na ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, jini wala binadamu. Qali alikuja na chetezo chake. Alisoma, akafukiza pembe nne za kibanda. Moshi haukupanda. Ulitambaa ukutani, ukapita mfuko mmoja baada ya mwingine, na ulipofika wa sita ukajikusanya hapo na kukaa.

"Ni wa nani huo?" Qali akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama mmoja wa Makongeni. Nilichelewa kidogo na nguo yake."

"Kidogo kiasi gani?"

Ruqiya akamfunulia daftari, penye zile Ijumaa nane. Qali aliutazama ule moshi, kisha akamimina maji juu ya makaa.

"Shangazi, mbona unazima? Mtoe."

"Nimtoe nimpeleke wapi? Jini hutolewa kwa kisomo kwa sababu hana lake hapa. Huyu ana lake, liko kwenye msumari wako. Mwenye haki yake hatolewi, hulipwa." Akafunga chetezo kwenye leso. "Na ulimwambia aje lini?"

"Ijumaa."

"Basi ana siku mbili, huyo mdogo wako. Na usinipe chai, sitaki kukaa."

Nambari iliyoandikwa daftarini ilikuwa ya binti wa Khavere, Mourine. Ruqiya aliizungukia simu saa nzima kabla ya kupiga. Akajitambulisha.

"Fundi," Mourine akasema. "Mama tulimzika Januari, tarehe ishirini na tano. Nyumbani, Vihiga."

"Pole sana. Sikujua."

"Ungejuaje? Sisi ndio tungekuja Ijumaa." Alisema taratibu, kama aliyekuwa ameyaweka maneno hayo tayari kwa muda. "Kanisani kwetu mama wa kikundi huzikwa na yunifomu yake. Wenzake walisimama mistari miwili, wote samawati, wakimwimbia. Yeye peke yake alikuwa ndani ya sanduku na gauni la kulalia la hospitali na kanga ya jirani. Unajua alisema nini siku ya mwisho? Nilimwambia nitakuja kuichukua hata kama haijaisha. Akasema, wacha, ile nguo nitaiendea mwenyewe."

"Mourine, mdogo wangu anaumwa."

"Mama pia aliumwa. Alikuwa akija kwako anaumwa. Shona, fundi. Ukimaliza niite. Lakini usidhani ni mimi ninayedai."

Mtu angefikiri Ruqiya alishika mkasi saa ileile. Alishusha mfuko, akatandaza mita nne za samawati mezani, akachora. Akafuta. Alhamisi alisafisha cherehani, akalitia mafuta, akapanga nyuzi kwa rangi. Akaandika ratiba ya nne. Kila alipoushika mkasi vidole vyake vilikufa ganzi, na wazo dogo lenye adabu lilimnong'oneza kwamba leo amechoka, ataharibu, afadhali kesho asubuhi akiwa na akili safi. Na ilipofika Alhamisi alasiri alitambua, na nywele zikamsimama, kwamba wazo hilo halikuwa na sauti yake. Lilikuwa na pumzi ya kupanda mlima. Aliyemfuata hakutaka nguo imalizike. Alitaka kumwona akichelewa mara ya tisa, ili achukue mwili wa Filsan badala ya nguo.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifumba macho, akakata.

Hakuna kilichotokea. Mkasi ulipita, kitambaa kikaachana, na kosa alilokuwa akiliogopa maisha yake yote halikuwemo. Alikata mgongo, akakata mbele, mikono, kola. Kufikia saa tano alikuwa ameunganisha mabega. Kufikia saa saba zilibaki pindo na vifungo, na adhana ikasikika, na vibanda vikafungwa kimoja kimoja.

Hatua, mkokoto.

Safari hii zilianza mbali zaidi, kama upande wa Jogoo Road, na alizisikia zote, juu ya sauti ya cherehani na juu ya sauti ya khatibu kwenye kipaza sauti, zikivuka barabara, zikiingia Majengo, zikipita kwa fundi wa viatu, na kila hatua ilileta udongo, udongo mbichi uliomjaa puani na kumkausha ulimi, na alishona bila kuinua uso, kifungo cha kwanza, cha pili, sindano ikimchoma kidole na damu akiilamba isiguse kola, cha tatu, cha nne, mpaka kivuli kilipoziba mwanga wa mlango na kiti cha wateja kikalia kwa uzito ambao Filsan hakuwahi kuwa nao.

Alijua kwamba ni Filsan. Baibui lilikuwa la Filsan, na hina ya arusi ilikuwa kwenye vidole. Lakini mikono ilikuwa imevimba kwenye vifundo, na kucha zilikuwa na udongo mwekundu.

"Mwanangu. Iko tayari?"

Maneno yalipanda yenyewe kooni kwa Ruqiya, mepesi, matamu, yaliyozoea njia. Aliyahisi yakigonga meno. Aliuma ulimi mpaka akasikia ladha ya chuma.

"Vimebaki vifungo vitatu, mama," akasema. "Keti. Leo huondoki bila nguo."

Hapakuwa na pumzi nyingine ndani ya kibanda isipokuwa yake. Akashona cha tano, cha sita. Cha saba kilimponyoka, kikaviringika chini ya meza mpaka kwenye ule mguu mbovu, na mkono wenye udongo ukainama taratibu, ukakiokota, ukamrudishia. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Akakishona, na alipomvisha lile gauni juu ya baibui, lilijaa. Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane. Hakuhitaji futi. Kwa muda, samawati ile ilisimama mbele yake ikiwa na mwili kamili ndani yake, kola nyeupe imenyooka, na yule aliyekuwa ndani akajitazama chini, akalainisha pindo kwa viganja vyote viwili.

"Ulijua kushona," ile sauti ikasema. Haikuwa na msamaha ndani yake. "Ulikuwa unajua siku zote."

Kisha gauni likanywea, likamlegea Filsan kama turubai juu ya fimbo, na Filsan akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, akiuliza amefikaje hapo.

Mourine alikuja jioni. Hakusalimu. Aligeuza gauni ndani nje, akakagua mishono, akahesabu vifungo, akalikunja na kulitia kwenye mfuko.

"Ni nguo nzuri," akasema. "Desemba ingekuwa nzuri zaidi."

Siku iliyofuata, Jumamosi, tarehe 22, Ruqiya alifungua kibanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alimpima Filsan kwanza: thelathini na mbili. Akakata gauni la arusi kabla ya chai. Kisha akabandua ratiba zote nne ukutani, akalifungua daftari, akaanza kuwapigia simu wenye mifuko iliyobaki, akitaja jina la kila mmoja na kungoja asikie sauti. Ilibaki mifuko kumi na miwili. Kumi waliitika. Mmoja alimtukana, na Ruqiya akamshukuru kutoka moyoni.

Nambari mbili hazikupatikana. Alizipiga tena, mara tatu kila moja, akiitazama mifuko ya wenye nambari hizo pale kwenye misumari. Ijumaa ilikuwa siku sita mbele. Akaweka simu chini, akaishusha mifuko hiyo miwili kabla ya mingine yote, akashika mkasi.