Uzi Mwekundu Kwenye Dumu la Maziwa

Maziwa ya ngamia yalifika Garissa kila asubuhi juu ya lori, ndani ya madumu ya manjano yaliyofunikwa matawi mabichi ili yasipate joto. Kila dumu lilikuwa na uzi au kipande cha kitambaa kwenye mshikio. Hilo ndilo lililokuwa jina la mwenyewe. Wafugaji walifunga rangi zao huko malishoni, na wanawake wa sokoni walizisoma rangi hizo bila kukosea.

Sadiyo, mamake Ugbad, alikuwa mmoja wa wanawake hao. Hakuandika chochote. Ungemwonyesha kitambaa cha kijani, angekwambia ngamia ni wa nani, wanachungwa wapi, na ni nani mjini anayekunywa maziwa yao. Ugbad, mwanafunzi wa darasa la saba, aliuona utaratibu huo kuwa wa kubahatisha. Likizo ya Agosti mwaka 1996 ilipoanza, alimketisha mama yake, akamwuliza maswali, akaandika majibu kwenye vijikaratasi. Kisha akavigawa katika bahasha tatu: Wafugaji, Madumu na Wateja.

“Sasa biashara yako ina mpango, hooyo,” alimwambia mama yake.

Sadiyo alizigeuzageuza bahasha zile mkononi. “Ni nadhifu. Ila zimekaa kama watu waliogombana. Hakuna inayomsemesha mwenzake.”

Ugbad alicheka. Hakuuliza maana yake.

Siku chache baadaye habari zilitoka Hagadera kwamba dada yake Sadiyo amejifungua. Sadiyo alifunga safari kwenda kumtunza, akamwachia Ugbad biashara. Sahara, jirani yao aliyesoma darasa moja na Ugbad, angemsaidia.

“Usichanganye maziwa ya watu wawili,” Sadiyo aliagiza. “Mteja akiugua, lazima tujue tumwulize nani.”

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku iliyofuata wateja walikuja kwa pamoja. Ugbad alimimina huku Sahara akiosha vikombe vya kupimia. Jua lilipopanda, madumu yalikuwa matupu na wasichana wamekaa kivulini wakila muufo, mkate wa mahindi ambao Sahara aliuleta kutoka kwao.

“Karani Ugbad!” mtu aliita.

Alikuwa Rage, utingo wa lori la maziwa. Kwa kawaida angeendelea na mzaha, lakini leo alikuwa akihema.

“Dumu la uzi mwekundu liko wapi?”

“Hili hapa. Tupu.”

“Walaahi! Lori la nyuma limeleta ujumbe kutoka kwa mzee Bare. Mkaza mwanawe ni mgeni pale. Jana alikosa dumu, akachukua lile walilowekea dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kupe. Aliliosha, akalifukiza kwa moshi kama tunavyofukiza vyombo vyote vya maziwa. Akadhani moshi umemaliza kila kitu.”

Ugbad alilifungua dumu na kulinusa. Alisikia harufu ya moshi wa mti uliochomwa, ile harufu nzuri ambayo wateja huipenda. Chini yake palikuwa na harufu nyingine, kali kidogo. Moshi ulikuwa umeifunika.

“Nani amepewa?” Rage aliuliza.

Ugbad alizichomoa bahasha zake. Katika bahasha ya Madumu alisoma: “Uzi mwekundu, lita tano.” Katika bahasha ya Wafugaji: “Bare, anachunga upande wa Saka.” Katika bahasha ya Wateja kulikuwa na karatasi nyingi, na kila moja ilisema kweli: Abdisamad ana hoteli, Mama Ridwan ana mtoto mdogo, Maalim anafundisha duksi, chuo cha Kurani. Lakini hakuna karatasi iliyosema uzi mwekundu huenda kwa nani. Alizipekua tena. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hakikumsaidia.

“Twende kwa wote,” Rage alisema.

“Wamesambaa mji mzima. Tukimaliza watakuwa wamekunywa,” Sahara akajibu. Alimgeukia rafiki yake. “Achana na bahasha. Anza na dumu. Ulipolishika, kulitokea nini?”

Ugbad alifumba macho. “Kifuniko kilikwama. Nikaazima kisu kwa muuza nyama.”

“Ulipokuwa na kisu, nani alikuwa mbele yako?”

“Mtu aliyenicheka kwamba nachinja dumu... Mama Ridwan! Alikuwa na birika la bluu. Nikalijaza.”

“Birika halichukui lita tano. Mengine?”

Ugbad alilijua jibu, na alitamani asingelijua. Sufuria ya Abdisamad ilikuwa imepungukiwa, naye akaijazia kwa maziwa ya uzi mwekundu juu ya maziwa ya mfugaji mwingine. Abdisamad ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa kuliko wote.

Sahara alimsoma uso. “Ulichanganya?” alinong'ona. “Yule mzee ni mkali. Atahamia kwa muuzaji mwingine. Na huenda dawa ilikuwa kidogo tu.”

“Huenda,” Ugbad alisema. “Na huenda siyo.” Akasimama. “Kaka Rage, kimbia kwa Mama Ridwan, nyuma ya msikiti. Birika la bluu. Mimi naenda hotelini.”

Abdisamad alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa ya chai, maziwa yameshaingia, majani yanachemka. Madereva wa malori walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wakisubiri.

“Mzee Abdisamad, usimpe mtu chai hiyo,” Ugbad alisema. Akamweleza kila kitu, hata sehemu ya kuchanganya.

“Imechemka! Hakuna ugonjwa unaobaki hapo.”

“Si ugonjwa, ni dawa ya kupe. Kuchemsha hakuitoi.”

“Kwa hiyo nimwage sufuria nzima?”

“Ndiyo, mzee.”

Dereva mmoja alisema kwa sauti, “Abdisamad, umeanza kutuogesha kwa ndani sasa? Sisi hatuna kupe!” Wenzake wakaangua kicheko. Abdisamad hakucheka. Alimtazama Ugbad, akaitazama sufuria, kisha akaibeba nje na kuimwaga shimoni.

Nyuma ya msikiti, Rage alimkuta Mama Ridwan akipoza maziwa kwenye kikombe, mtoto magotini. Mtoto alilia sana kikombe kilipoondolewa. Nesi wa zahanati ya jirani alimpima, akaona hajambo, kwa kuwa hakuwa amekunywa.

Sadiyo aliporudi kutoka Hagadera, Ugbad alimsimulia yote kabla hajaulizwa.

“Abdisamad amekuja tangu siku ile?” Sadiyo aliuliza.

“Hajaja.”

“Nitakwenda kuzungumza naye. Ulivunja agizo langu, na hilo ni kosa. Ulilisema mapema, na ndiyo sababu hakuna maiti.” Aliketi kitako. “Ngamia akipotea, akaonekana mbali, wazee hawaulizi analala boma gani. Wanauliza mama yake ni nani, ana alama gani, anakunywa maji ya kisima gani. Ukilijua moja, linakupeleka kwa la pili, hadi umfikie mwenyewe. Wewe ulimfungia kila mmoja ndani ya boma lake.”

Ugbad alikata maboksi ya majani ya chai kuwa kadi. Juu ya kila kadi aliandika kitu kimoja au mtu mmoja, na chini yake wale wanaohusiana naye. Kadi ya uzi mwekundu ilimtaja Bare na Mama Ridwan. Kadi ya Mama Ridwan ilitaja uzi mwekundu, birika la bluu na mtoto. Hakuzitia kwenye bahasha. Alizitunga kwenye kamba moja bila kujali ipi inatangulia.

Jioni moja Sadiyo alichomoa kadi bila kuchagua. “Nisomee.”

“Maalim wa duksi. Kibuyu chenye ufa. Kitambaa cha kijani.” Ugbad alitafuta kadi ya kijani. “Ni cha mfugaji Yarow. Maziwa yake huja na lori la Rage.”

“Kwa hiyo Maalim akiumwa tumbo kesho?”

“Namtumia Yarow ujumbe kupitia kwa Rage.”

Mlangoni palikuwa na mtu. Abdisamad alikuwa ameshika sufuria yake tupu. “Madereva wananicheka mpaka leo,” alisema. “Lakini wote wapo hai kunicheka. Kesho niwekeeni kama kawaida. Bila kuchanganya.”

Alipoondoka, Sadiyo alilichukua lile dumu la Bare na kulitoboa kwa msumari ili lisibebe kitu tena. “Chombo cha dawa hakirudi jikoni, hata ukikifukiza mwaka mzima,” alisema. “Na habari ni kama haya maziwa. Haitoshi kujua umeiweka wapi. Ujue imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani.”

Ugbad alichukua kadi mpya. Juu aliandika: “Dumu lililowahi kubeba dawa.” Alifikiri kidogo, kisha chini yake akaandika: “Haliendi kwa mtu yeyote.”