Kadi za Kina Mama wa Rongo

Kila asubuhi Nyasuguta aliiwasha kompyuta ya kliniki ya wajawazito pale Rongo huku moyo ukimdunda. Yeye ndiye aliyetunza kadi, na tangu mwaka 1998 uanze, kadi zote zilikuwa humo ndani. Alizipanga jinsi watu wa kwao wanavyomuuliza mgeni: unatoka wilaya gani, tarafa gani, kijiji gani, boma la nani? Kila jibu lilikuwa folda ndani ya folda nyingine. Mpango ulipendeza kweli. Ila mtu aliyezirai haulizwi boma lake.

Siku moja aliletwa mama mwenye homa kali, hawezi kusema; waliomleta walijua jina lake tu. Nesi Liz alisimama na sindano ya penisilini.

"Kadi inasema nini? Hii dawa inamdhuru?"

Nyasuguta alifungua folda, akafunga, akafungua nyingine. Jasho likamtoka. Mwishowe Liz alidunga tu, akiomba Mungu. Mama yule alipona, lakini Nyasuguta hakupata usingizi tena. Aliogopa kwamba kuchelewa kwake kutaua mtu. Aliogopa vilevile kugusa mpango wake, kadi zisije zikapotea.

Jirani yake Priscilla alifundisha kompyuta Migori. Jumapili wakaenda kliniki pamoja.

"Mwalimu, hii mashine naiogopa. Nikihamisha kitu, si kitapotea?"

"Hatuhamishi kitu. Wale wamama wako na mimba sasa, kila mmoja tunamtengenezea njia ya mkato, alama ndogo ya kufungua kadi yake. Shika kadi na kitufe cha kulia cha mausi. Ivute mpaka kwa hii folda mpya. Achilia, halafu chagua njia ya mkato."

"Na nikiifuta hiyo njia?"

"Kadi yenyewe inabaki mahali ilikuwa. Futa moja uone."

Nyasuguta alifuta, vidole baridi. Akaifuata kadi kwenye folda ya boma lake, akaikuta. Akapumua.

Kisha Priscilla alimwonyesha namna ya kuifanya folda ile ijifungue yenyewe kompyuta inapowaka. Picha kubwakubwa za kadi kwenye skrini wakaziondoa, wakaweka orodha ya majina kwa alfabeti.

Alhamisi wanaume walileta mwanamke ndani ya blanketi, anawaka homa, macho yamegeuka. Nyasuguta alimtambua. Alikuwa Rael, mke wa shemeji yake, mimba ya miezi minane.

"Kadi," Liz alisema, sindano tayari mkononi.

Nyasuguta alishuka na orodha hadi herufi R. Akabofya mara mbili.

"Usimdunge penisilini. Ilimvimbisha koo mwaka jana."

Liz aliiweka sindano chini, akaenda kabatini kuchukua dawa nyingine.

Mtoto alizaliwa alasiri hiyo. Jioni Rael alifumbua macho, akauliza mtoto yuko wapi. Nyasuguta alikuwa amempakata. Alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, akakaa sakafuni, akalia hofu yote aliyoizuia tangu mchana.