Kigaga cha Mbuzi

Fundi rangi mmoja alikuwa na mkono usiotulia. Kabla ya kupaka ukuta wowote, alikwangua kwanza. Hata mezani, akiona doa, kucha zilianza kazi. Mkewe alimwita Baba Kwangua, naye alicheka tu.

Siku moja mbuzi wao alichanwa goti na waya wa ua. Mbuzi huyo alikuwa na mimba kubwa. Baba Kwangua akaliosha jeraha vizuri kwa maji safi. Mpaka hapo alifanya sawa. Lakini kila asubuhi alikuta kigaga juu ya jeraha, na kila asubuhi alikikwangua.

"Uchafu umerudi tena," alisema.

Goti likavimba. Mbuzi akawa analala tu. Mke akaingiwa na hofu.

"Asiposimama, watoto watanyonyaje?"

Akamwita jirani yao, daktari wa mifugo. Daktari alipiga magoti, akatazama, akanusa.

"Nani anambandua kigaga?"

"Mimi," alisema Baba Kwangua kwa fahari. "Namsafisha kila siku."

"Shemeji, unamsafisha, au unamfungulia mwizi mlango?"

Akamvuta hadi kwenye mpapai nyuma ya nyumba. Akakwaruza papai bichi kwa ukucha. Utomvu mweupe ukachuruzika.

"Sasa subiri. Usiguse."

Baba Kwangua aliinama mpaka pua ikakaribia tunda. Utomvu ulikuwa unaganda.

"Kumbe linajiziba lenyewe?"

"Linajiziba, vijidudu vya ugonjwa visipite. Na huo utomvu ni mkali, mdudu akiutafuna anajuta. Mbuzi hana utomvu, ana damu. Damu ikiganda inakuwa kigaga. Chini yake ngozi mpya inaota."

"Na vijidudu vilivyokwisha kuingia?"

"Kwenye damu kuna chembe nyeupe. Zinavisaka na kuvimeza. Ila wewe kila siku unaziletea vingine. Zitachoka."

Baba Kwangua alitazama kucha zake. Aliona haya, lakini zaidi alishangaa. Miaka yote hiyo mti na mnyama walikuwa wanajipaka rangi wenyewe, naye fundi hana habari.

Daktari alisafisha jeraha, akatia dawa. "Mlaze pakavu. Inzi wasimfikie. Ukiona usaha au ukisikia harufu, niite. Kigaga kitadondoka chenyewe."

Mkono ulimwasha Baba Kwangua, lakini alijikaza. Uvimbe ukapungua. Siku ya kuzaa ilipofika, mbuzi akazaa mapacha, akawanyonyesha akiwa amesimama wima. Mke alifurahi mpaka akasahau chai jikoni.

Baba Kwangua alichuchumaa kuwatazama. Kwenye tumbo la mmoja kilining'inia kipande cha kitovu, cheusi, kikavu. Kucha zikaanza safari.

"Baba Kwangua," mkewe aliita kutoka mlangoni, "hicho nacho kitadondoka chenyewe."

Akatia mkono mfukoni.