Baba, Acha Kuchomoa

Baba yangu hawezi kutulia. Alikuwa mkaguzi wa mabasi. Kastaafu, lakini mkono haujastaafu. Asubuhi anafungua redio aone ndani kuna nini. Mchana anafunua sufuria jikoni, Mama anamchapa mwiko.

"Chakula kitaiva lini ukikichungulia?"

Mimi nimemrithi. Ndiyo maana shule ilinishinda.

Siku moja wakaja watu wa mabomba. Wakachora chaki ukutani. Mtaro utapita chini ya dirisha, palepale penye mwaridi wa Mama. Mama aliuotesha kwa kijiti alichokata kwa marehemu bibi, na nyumba ya bibi ilishabomolewa. Mwaridi mwingine kama ule hakuna. Kuung'oa mzima haiwezekani, mizizi imeingia chini ya msingi.

"Kazi ndogo," Baba akasema. Akakata vijiti, akachomeka kwenye makopo ya udongo viote. Kesho yake akavichomoa aone mizizi. Keshokutwa tena. Vikakauka. Akakata vingine, akavimwagia maji kama anazima moto. Vikaoza. Mwaridi ukabaki kama kuku aliyenyonyolewa.

Mama hakugomba. Aliacha kusema naye. Bora angegomba.

Nikamkimbilia Bi Sindano, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Uani kwake miwaridi imepanda mpaka kwenye kamba ya nguo. Akaja na mkasi.

"Shemeji, nasikia unakagua mizizi?"

"Sasa nitajuaje kama imeota?"

"Mtoto ukimfunua shuka kila saa, atalala saa ngapi? Mzizi mchanga ni kama uzi mbovu. Ukivuta tu, umekatika."

Akauzunguka mwaridi. Vilibaki vijiti vitatu vya kufaa.

"Kijiti kichanga cha juu kitaoza. Kilichozeeka ni kigumu kuota. Chukua kilichotoka kuchanua, unene wa penseli." Akavikata vyote vitatu chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota. Akatoa majani ya chini, akabakisha mawili juu.

"Na ua?" Mama akauliza.

"Likate, dada. Ua linakula chakula cha mizizi."

Mama akalikata mwenyewe. Nilitazama pembeni.

Tukachanganya udongo na mchanga, nusu kwa nusu. Bi Sindano akamwangalia Baba, akacheka.

"Wewe nakujua. Lete chupa za maji zinazoonyesha ndani."

Akazikata shingo, akatoboa chini maji yapite. Akachomeka kila kijiti karibu na ukingo, akazungushia chupa kitambaa cheusi. Juu akafunika mfuko mwangavu.

"Mizizi inapenda giza. Wazimu ukikupanda, funua kitambaa, chungulia, funika. Kijiti usiguse! Weka kivulini penye mwanga. Udongo uwe na unyevu, usiogelee. Na kikitoa jani usishangilie, kijiti kina akiba yake. Ngoja mzizi."

Tukangoja. Kungoja kubaya jamani! Baba alichungulia mpaka kitambaa kikachakaa. Mimi nilizunguka uani kama mbwa aliyefungwa. Jani likatoka. Mzizi, hakuna.

Wachimbaji wakaja na sululu. Mwaridi ukaenda. Mama alikaa ndani, mgongo kwa dirisha.

Baba yuko uani, kachutama.

"Mama watoto! Njoo hapa!"

Mama akatoka taratibu. Baba akafunua kitambaa. Ubavuni mwa chupa palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama uzi, kinashuka chini. Mama akachutama. Akanyoosha mkono kwenye kijiti, taratibu, ahakikishe.

Baba akaudaka.

"Mke wangu, acha kuchomoa!"

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile chaki.

Kimoja kilioza. Viwili vilishika. Tulifungua mifuko kidogo kidogo vizoee hewa, mizizi ilipojaa tukavihamishia mlangoni. Leo vinachanua rangi ileile ya kwa bibi.

Majirani wakija kuomba kijiti, Baba anawapa na chupa na kitambaa. Mtu akisema kesho atakivuta aone, anamnyang'anya.

Redio bado anaifungua.