Kopo la Muheza

Mlaplastiki namba saba alimaliza boksi la chipsi kwa dakika nne na sekunde kumi. Alikuwa amesimama kwa miguu yake sita pembeni mwa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, kimo chake goti la mtu mzima, na watu waliokuwa wakienda sokoni walimpisha bila kumtazama mara mbili. Boksi lilikuwa la polistirini, jeupe, la povu gumu. Mafundi wa mabomba walikuwa wamelifukua asubuhi hiyo chini ya udongo, mahali lilipokaa kwa miaka isiyopungua hamsini. Jina la duka lililoliuza lilikuwa bado linasomeka.

Mhandisi Hidaya Shekiondo aliandika muda ule kwenye daftari lake. Kazi ya mlaplastiki, mashine ya kula plastiki, haikuwa ngumu kueleza. Pua yake ilinusa molekuli zilizokatazwa hata zikiwa nyuma ya ukuta. Tumbo lake, lililotunzwa katika joto la nyuzi sitini na tano, lilikuwa na vimeng'enya vilivyokata minyororo mirefu ya plastiki vipande vipande, hadi kikabaki kijiko kimoja cha unga mweupe usio na harufu. Hidaya ndiye aliyeunda pua. Tumbo liliundwa na wengine.

Sheria ya Vyombo vya Chakula ilikuwa imekataza aina tatu za plastiki katika kila kitu kinachobeba chakula. Kabla ya sheria, kila mililita ya damu ya watoto waliopimwa Tanga ilikutwa na chembe tisa za plastiki. Sasa ilikutwa na moja, na katika baadhi ya shule hapakukutwa hata moja. Hidaya hakuhitaji hoja nyingine. Muda wa hiari wa kusalimisha vyombo vya zamani ungekwisha Alhamisi, saa sita mchana. Baada ya hapo, kila chombo kilichobaki kingepelekwa mbele ya baraza la mji pamoja na jina la mwenye nyumba.

Kwenye ramani iliyochorwa na pua za walaplastiki wote, mkoa mzima ulikuwa umebakiwa na vitone ishirini na sita vyekundu. Kitone kimoja kilikuwa Chumbageni, ghorofa ya tatu, kabati la juu la jikoni. Ilikuwa nyumba yake Hidaya. Alikuwa amekiona kwa miezi minane na hakumwambia mtu.

Kilikuwa kopo la aiskrimu la lita mbili, limegeuka rangi ya siagi kwa uzee, mfuniko wake wa bluu umepasuka pembeni. Kiwandani lilikusudiwa litumike mara moja. Lilitumika miaka thelathini na mmoja. Mwenyewe alikuwa mama yake mdogo, Mwanatumu, wa Muheza, ambaye aliandika herufi M ubavuni kwa rangi nyekundu ya kucha ili lisipotee. Mama yake Hidaya, alipolipokea mara ya kwanza, aliweka kando ya herufi hiyo kitone cha rangi ya kucha ya kijani, akasema sasa ni la wote wawili.

Kopo hilo lilikwenda na kurudi kati ya Muheza na Ngamiani, alikoishi mama yake Hidaya. Kutoka Muheza lilikuja na visheti au achari ya ndimu. Kutoka Ngamiani lilirudi na samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, na mara moja nusu ya keki ya harusi. Katika nyumba za watu hao, chombo cha mwenzio hakikurudishwa kitupu, na aliyekileta hakukiacha mlangoni. Alikaa mpaka magharibi.

Mama yake Hidaya alipofariki, kopo lilikuwa Ngamiani, na zamu ya kulirudisha ikawa ya Hidaya. Alitaka kulirudisha na kitu cha maana. Hakujua kupika. Alisubiri apate nafasi ya kujifunza, na miezi sita ikapita. Kisha maabara yao ikatoa kiyeyuko cha kwanza: boksi la mwani na wanga wa muhogo, lililobeba pilau ya moto kwa saa tatu bila kuvuja, na kufikia asubuhi iliyofuata likawa uji mwepesi wa kumwagia maua. Kikiwa kikavu, kiyeyuko kilidumu. Kikigusa chakula tu, saa yake ilianza kuhesabu.

Hidaya aliona tatizo lake limepata jibu. Alipakia viyeyuko kumi na viwili kwenye kipanga, chombo kidogo cha kuruka kilichobeba mizigo kati ya miji, akavituma Muheza na ujumbe huu: Mama mdogo, kopo lako lina polistirini na si salama. Pokea hivi vipya badala yake. Ujumbe ulikuwa sahihi kwa kila neno. Viyeyuko vilikuwa vitupu.

Hakupata jibu. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Jumatano, siku moja kabla ya mwisho wa muda, Singano wa idara ya usafiri alikuja ofisini kwake na jedwali. Singano alihesabu safari za watu, bila majina, kwa vihisio vilivyofukiwa barabarani.

"Mhandisi," alisema akivuta kiti, "hivi mashine zako zimeanza kula na watu?"

Alimweleza kwamba safari za alasiri kutoka nyumba hadi nyumba zilikuwa zimepungua kwa theluthi moja. Za kazini hazikupungua, wala za shule, wala za hospitali. Alikuwa amepima mvua, nauli na joto, na hakuna kilicholingana. Kilicholingana kilikuwa kimoja. Ngamiani safari zilianza kushuka mwezi uleule viyeyuko vilipoingia madukani. Makorora zilishuka mwaka uliofuata, vilipofika Makorora. Muheza, mwaka wa tatu.

Hidaya alilisoma jedwali mara mbili akitafuta kosa. Aliuliza wale watu wa alasiri walikuwa wamebeba nini. Singano alisema kihisio hupima uzito wa gari, hakifunui vikapu vya watu.

"Ila mama yangu alikuwa hanipi raha," aliongeza. "Pita kwa fulani urudishe bakuli lake. Siku hizi hana cha kunituma. Na mimi nimekuwa mtu wa kupiga simu."

Singano alipoondoka, Hidaya alibaki na jedwali. Alipata hesabu aliyokuwa hajaifanya. Treni ya Muheza ilitumia dakika kumi na moja.

Asubuhi ya Alhamisi alilitoa kopo kabatini, akaliosha, akafungua sheria. Lisingeweza kutiliwa chakula. Yeye mwenyewe alishiriki kuandika kifungu hicho. Lakini kifungu cha nane kiliruhusu tunda lililo ndani ya ganda lake. Sokoni, saa moja na nusu, matunda mazuri yaliyoenea ndani ya kopo yalikuwa machungwa. Alinunua matano. Kisha akampigia mlio namba saba, na mlaplastiki akamfuata kituoni, kwa sababu yeye, mhandisi mkuu, alikuwa na jukumu la kusimamia kila kitone kinavyozimwa, na hiki hakikuwa na sababu ya kupewa msamaha.

Nyumba ya Mwanatumu ilikuwa na harufu ya mafuta ya moto na iliki. Hidaya alisimama nje ya mlango ulio wazi, akabisha.

"Karibu. Nani?"

"Hidaya."

Upawa uligonga karai mara mbili. "Hidaya yupi?"

"Wa dada yako."

"Huyo namjua. Yeye alikuwa hapigi hodi, anaingia tu."

Hidaya aliingia, akamwamkia, na Mwanatumu akaitikia bila kugeuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, amepungua kuliko Hidaya alivyomkumbuka. Kila Alhamisi alikaanga visheti vya madrasa, na hakuwa na desturi ya kuacha mafuta yaungue kwa ajili ya mgeni. Alipogeuka, jicho lake lilianza kwa namba saba aliyesimama kizingitini.

"Na huyo mbuzi, anaingia au anangoja nje?"

"Ataingia baadaye, mama," alisema Hidaya, akampa kopo kwa mikono miwili.

Mwanatumu alifunua mfuniko. Aliangalia ndani.

"Umeniletea machungwa," alisema. "Muheza, yanakotoka."

"Ndicho kitu pekee kilichoruhusiwa."

"Hata wageni waliokuwa wakija huku kwa miguu hawakuwahi kufanya hivyo." Midomo yake ilitikisika kidogo, na Hidaya akaona kwamba anazuia kicheko. Kisha kicheko hakikuja. Mwanatumu alipakata kopo na kidole chake kikatafuta herufi M, kikaikuta, kikateleza hadi kwenye kitone cha kijani.

Hidaya alieleza sheria, saa, na kitakachotokea. Alieleza vizuri, kama alivyoeleza barazani mara nyingi. Mama yake mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akamwagiza afungue kabati la vyombo.

Kwenye rafu ya chini, vikiwa vimepangwa ndani ya mfuko wa nguo, palikuwa na viyeyuko kumi na viwili, vikavu, kama vilivyotoka kiwandani.

"Nilikasirika mwezi mmoja," alisema Mwanatumu. "Vyombo kumi na viwili, na hata punje ya chumvi ndani hamna. Nikasema, huyu ananiambia tumemalizana. Baadaye hasira ikaisha nikataka kuja. Nikakaanga visheti, nikatoa kimoja, nikasoma maandishi ya chini. Kinayeyuka kabla hakujakucha. Nikajiuliza, nikishampelekea, mara ya pili nitakwenda kwake kufuata nini? Na yeye atakuja kwangu kurudisha nini?"

"Ungekuja tu, mama."

"Na wewe?"

Hidaya alikuwa na majibu kadhaa na yote yalikuwa ya kweli: kazi, safari, sheria, msiba. Hakuna lililokuwa refu kuliko dakika kumi na moja.

Saa sita kasoro dakika kumi, namba saba alitoa mlio mfupi. Mwanatumu aliyatoa machungwa moja moja, akayaweka kwenye ungo. Aliuliza kama rangi ya kucha nayo ni haramu. Hidaya alifikiri kabla ya kusema.

"Haimo katika sheria."

Basi mama huyo akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya kitone cha kijani, akakisukuma taratibu, kama anayebandua gamba la kidonda cha mtoto. Kilibanduka kizima. Kilikuwa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Alikilaza katika kiganja chake, na kopo akalisogeza kwa mkono mwingine bila kulitazama.

Namba saba alitumia dakika sita na sekunde mbili, kwa sababu polistirini ya kopo ilikuwa ngumu kuliko ya povu. Hidaya aliandika muda. Aligundua baadaye kwamba alikuwa ameuandika mara mbili. Kwenye ramani kitone kilizimika, na unga mweupe ukashuka katika kikombe cha mashine, kijiko kimoja, pasipo herufi M wala chochote kilichopata kubebwa humo.

Walikula chungwa moja kwa wawili. Mwanatumu aliuliza kama bado anatafuna barafu, tabia iliyokuwa ikimuudhi mama yake, na Hidaya akakiri kwamba bado. Walimzungumza marehemu kwa mambo madogo kama hayo mpaka alasiri. Wakati wa kuondoka ulipofika, mama mdogo alishusha kutoka juu ya kabati bakuli la bati lenye maua mekundu na mfuniko wake, akaliweka sakafuni mbele ya mlaplastiki.

"Anuse."

Namba saba alinusa, akageuka upande mwingine.

Mwanatumu alilijaza visheti hadi ukingoni, akalifunga kwa kitambaa mafundo mawili. Hakusema lirudishwe lini. Alisema ni zito, alishike vizuri.

Ndani ya treni Hidaya alilipakata. Safari moja isingeonekana katika jedwali la Singano. Alizijua hesabu hizo. Visheti vilimchukua siku nne, na siku ya nne alikula cha mwisho polepole kuliko vyote. Akaosha bakuli, akalikausha, akalipima kwenye mizani ya maabara aliyokuwa nayo nyumbani: gramu mia nane na arobaini, tupu.

Aliliweka mezani. Jikoni kwake palikuwa na chumvi, majani ya chai, na viyeyuko arobaini. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatatu, na kazini walikuwa wakimngoja. Alituma habari kwamba atachelewa, akavaa viatu, akaenda kutafuta unga.